Kuisafisha Reli ya Treni Ndogo Baada ya Kazi ya Mandhari

Kuna malalamiko ambayo kila fundi wa treni za mfano huyasikia, awe anaishi Hamburg au Chicago. Mtu ametandika reli zake mezani, ameunganisha umeme, amejaribu injini na ikazunguka mzunguko mzima bila kusita. Kisha akaingia kwenye mandhari: akamwaga plasta ya vilima, akapaka rangi ya kutu ubavuni mwa reli, akatandaza kokoto na kuzinywesha gundi, akapanda majani. Mandhari ikapendeza. Alipoirudisha injini relini, ikasogea kidogo, ikasimama. Akaisukuma kwa kidole, ikatoka, ikasimama tena. Taa zinapepesa, mota inanguruma na kukatika. Injini imegoma, na mwenyewe anaanza kuishuku mota au kifaa cha umeme, kumbe vyote viwili havina kosa.

Kosa liko juu ya uso wa reli, katika utando mwembamba ambao jicho haliuoni. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanachanganya kusafisha na kung'arisha. Wanachukua msasa, wanasugua mpaka chuma kinameta, treni inakwenda siku mbili tatu, kisha inagoma vibaya kuliko mwanzo. Reli inayometa si lazima iwe safi. Reli safi ni ile ambayo chuma cha gurudumu kinagusana na chuma cha reli bila kitu katikati. Kuifikia hali hiyo baada ya kazi ya mandhari kunahitaji kwanza kujua ni nini hasa kilichoganda pale, maana gundi haiondoki kwa njia inayoondoa plasta, wala plasta haiondoki kwa njia inayoondoa weusi wa cheche.

Kwa asiyezijua treni hizi, ukubwa unaotumika zaidi duniani unaitwa HO, ambapo kila kitu kimepunguzwa mara 87. Nafasi kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Piga hesabu utaona ni milimita 1,435 zilizogawanywa kwa 87, yaani upana ule ule wa SGR ya Mombasa hadi Nairobi na ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Anayetaka kuiga reli ya zamani ya mita moja, kama ile iliyojengwa kutoka Mombasa kwenda Uganda, hutumia njia ya milimita 12. Sanaa yenyewe imekomaa Ujerumani, Uingereza na Marekani. Chama cha Marekani, NMRA, kiliundwa Milwaukee mwaka 1935, na viwango vyake vya magurudumu, reli na mawasiliano ya umeme ndivyo vinavyowezesha injini ya kampuni moja kupita kwenye reli ya kampuni nyingine. Na huko Hamburg, ndugu mapacha Frederik na Gerrit Braun walifungua Miniatur Wunderland mwaka 2001, ambako treni zaidi ya 1,000 zinapita katika milima, miji na bandari zilizojengwa kwa mikono. Mgeni anashangaa milima. Fundi anashangaa kwamba treni zile zinatembea kutwa nzima, siku baada ya siku, katikati ya plasta, rangi na gundi yote ile.

Injini ya HO haibebi nguvu zake. Inazichota relini. Reli ya kulia ni waya mmoja, ya kushoto ni waya wa pili, na magurudumu ndiyo yanayopokea umeme na kuupeleka kwenye mota. Sasa fikiria uzito. Injini nzima ina gramu mia kadhaa tu, nazo kwa kawaida zimegawanyika juu ya magurudumu manane au zaidi, na kila gurudumu linaigusa reli mahali padogo kuliko ncha ya pini. Mgandamizo huo hautoshi kuvunja utando wa gundi au rangi. Treni halisi ya tani mamia husaga kila kinachokaa njiani mwake. Treni ndogo hukipanda na kupita juu yake, na pale inapokipanda umeme unakatika.

Tena mitambo ya siku hizi ina uvumilivu mdogo zaidi. Katika mfumo wa kidijitali unaoitwa DCC, reli hazibebi umeme tu, zinabeba pia maagizo: injini fulani iongeze mwendo, iwashe taa, ipige honi. Maagizo hayo ni mfululizo wa sifuri na moja, na ile moja inaandikwa kwa vipande viwili vya umeme, kila kimoja kikidumu mikrosekunde 58. Chembe ya kokoto ikilinyanyua gurudumu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, maagizo mengi yamekwisha kupotea, na kompyuta ndogo iliyo ndani ya injini inaweza kuzimika na kuanza upya. Wako wanaofunga kapasita ndani ya injini ili ibaki na akiba ya umeme ya kuvukia sehemu chafu. Ni kifaa kizuri, nami nawashauri wenye injini fupi za magurudumu manne wakifunge. Lakini kapasita haisafishi reli. Inakufichia ubovu mpaka siku utakapokuwa umeenea njia nzima.

Asidhani mtu kwamba tatizo hili ni la treni ndogo peke yake. Uingereza, kila majira ya majani kupukutika, majani yanayosagwa na magurudumu huacha utando mweusi juu ya reli halisi. Utando huo hupunguza mshiko wa breki, na pia unaweza kuzuia umeme mdogo wa mitambo ya ishara kupita kutoka reli moja kwenda nyingine kupitia magurudumu, hata mtambo usitambue kwamba kuna treni mahali hapo. Shirika la Network Rail hupeleka treni maalumu zinazorusha maji kwa mgandamizo wa baa 1,500 ili kuukwangua. Sisi hatuna haja ya maji ya namna hiyo, ila jambo ni lile lile: kitu kisichopitisha umeme kimekaa kati ya chuma na chuma.

Ni kitu gani basi? Kazi ya mandhari huacha mambo manne makubwa. La kwanza ni gundi nyeupe, ile ya maremala, ambayo huchanganywa na maji kwa kiasi cha sehemu moja kwa tatu au nne ili ipenye kati ya kokoto. Ikikauka inakuwa angavu kama kioo, na ndiyo sababu huioni. La pili ni plasta, ambayo huacha vumbi jeupe kila mahali, hata mita mbili kutoka pale ulipofanyia kazi. La tatu ni rangi iliyorushwa kwa pampu kupaka ubavu wa reli na mataruma. La nne ni vitu vidogo vigumu na vya nyuzi: chembe za kokoto, nyasi bandia za nailoni, unga wa povu linaloiga majani. Kila kimoja kati ya hivi ni kihami umeme. Halafu linafuata la tano, ambalo halitoki moja kwa moja kwenye mandhari bali huzaliwa nayo: gurudumu linaporuka juu ya uchafu linatoa cheche, na kila cheche inaacha alama nyeusi relini na kwenye gurudumu. Weusi huo nao unazuia umeme, unazaa cheche nyingine, na uchafu unazidi kujizalisha. Zima taa za chumba, endesha injini polepole gizani, utaziona cheche zenyewe zikikuonyesha pa kusafisha.

Kazi kubwa ya kusafisha hufanyika kabla gundi haijakauka, na mtu akiniuliza atenge muda wake wapi, nitamwambia autenge hapo. Kabla ya kumwaga plasta, funika njia nzima kwa tepu pana ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Usiiache hapo wiki nyingi, maana gundi ya tepu yenyewe huhamia relini. Kabla ya kurusha rangi, pitisha kidole chenye tone la mafuta mepesi ya mashine juu ya uso wa reli. Rangi itakaa juu ya mafuta, na kitambaa kikipita itatoka yote, huku ubavu uliokauka ukibaki na kutu yake. Usije ukasahau kuyafuta mafuta yale baadaye, kwa sababu yakibaki yanakusanya vumbi na kuifanya injini iteleze kwenye mwinuko. Kama hukupaka mafuta, basi zungushia kitambaa kwenye kibao kidogo bapa na upitishe juu ya reli dakika chache baada ya kupaka. Kibao ni muhimu. Kidole kinabonyea, kinashuka ubavuni na kukwangua rangi uliyotaka ibaki. Kibao kinagusa juu tu.

Wakati wa kokoto ndipo penye hatari kubwa. Zitandaze kwa kijiko, kisha zisawazishe kwa brashi laini mpaka pasibaki hata chembe moja juu ya mataruma wala ndani ya shingo ya reli. Hilo la shingo ya reli halisemwi vya kutosha. Gurudumu la treni lina ukingo unaoshuka ndani ya reli, na chembe iliyogandia upande wa ndani inaunyanyua ukingo huo. Gurudumu linapoteza umeme, na pengine treni inaanguka. Ukisha kusawazisha, nyunyizia maji yaliyotiwa tone la sabuni ya vyombo ili gundi isijikusanye matone matone, kisha dondosha gundi kwa bomba la sindano, kati ya reli na pembeni, polepole. Utamaliza, utatamani kuondoka. Usiondoke. Chukua kitambaa chenye unyevu, kizungushie kibao, pitisha juu ya kila reli; geuza upande safi, pitisha tena. Gundi mbichi inatoka kwa maji matupu na dakika tano za kazi. Ikikauka itakudai jioni nzima.

Tuseme basi mandhari imekwisha, imekauka siku moja au mbili, na reli iko mbele yako na uchafu wake. Anza na kazi kavu, umalizie kwa majimaji. Anayeanza na kitambaa cha maji anayageuza mavumbi ya plasta kuwa tope na kulisambaza njia nzima. Chukua mashine ya kufyonza vumbi, funga mdomo wake kwa kipande cha soksi nyembamba ya kike, na ufyonze huku brashi ngumu kidogo ikitikisa mataruma. Ile soksi inazuia kokoto, vibao na sanamu za watu zilizong'oka zisimezwe. Utaziokota na kuzirudisha mahali pake. Baada ya hapo pitisha sumaku juu ya njia, karibu kabisa na mataruma. Utashangaa itakavyoibuka na misumari midogo, vipande vya waya na unga wa chuma. Mota ya injini ndogo ina sumaku ndani yake, na chembe ya chuma ikivutwa humo haitoki tena bila kuifungua injini.

Halafu ushuke chini, macho yako yalingane na reli, na tochi imulike kwa ubavu badala ya juu. Mwanga wa juu unaficha. Mwanga wa ubavuni unaonyesha kila chembe na kivuli chake. Chukua behewa moja lenye magurudumu ya chuma, lisukume kwa kidole, na usikilize. Behewa linalopita vizuri lina mvumo mmoja usiobadilika. Likipita juu ya chembe linatoa mlio mdogo mkavu, na kidole kinahisi mruko kabla hata sikio halijasikia. Hapo simama, itafute chembe, ing'oe kwa ncha ya kijiti cha meno kilicholowekwa maji vuguvugu. Usitumie kisu. Kisu kinang'oa chembe pamoja na rangi, na kinaacha mkwaruzo.

Sehemu inayostahili subira kuliko zote ni pale njia inapogawanyika. Pana ndimi mbili za reli zinazosogea kushoto na kulia ili kuipeleka treni njia hii au ile, na ulimi hauna budi kuibana reli ya pembeni barabara. Chembe moja ya kokoto yenye upana wa nusu milimita ikikwama kati ya ulimi na reli inatosha kuacha mwanya, na ukingo wa gurudumu utaingia kwenye mwanya huo badala ya kuupita. Na mara nyingi hata si chembe. Ni gundi iliyoteremka chini ya kile kijiti kinachounganisha ndimi mbili, ikaganda juu ya mataruma, ikakishika. Ukikilazimisha kwa nguvu kitavunjika. Dondosha tone moja la maji ya moto pamoja na sabuni, ngoja dakika kumi, kisha kisogeze kwa ncha ya kijiti cha meno, kidogo kulia, kidogo kushoto. Gundi nyeupe iliyokauka hulainika ikinyweshwa maji, ikawa nyeupe tena, na utaiona inavyotoka kwa utando mmoja. Kisha futa upande wa ndani wa ulimi na upande wa reli unaougusa. Katika njia panda nyingi umeme wa ulimi unategemea mguso huo tu. Pakiwa na rangi hapo, ulimi umekufa kiumeme hata kama macho yanakuambia uko sawa. Mwisho kagua mifereji ambamo ukingo wa gurudumu unapita, mahali reli mbili zinapokutana kama herufi V. NMRA wana kipimo cha bati chenye meno ya vipimo vyote hivyo. Kikiingia mferejini bila kugusa chini, umefaulu.

Wanaotumia mfumo wa Märklin wa Ujerumani wana kazi nyingine ya ziada. Reli zao zina vichwa vidogo vya chuma katikati ya mataruma, na injini huchukua umeme kwa kiatu kirefu kinachoteleza juu yake. Kokoto zikipita kimo cha vichwa hivyo, au gundi ikivifunika, kiatu kinainuka na treni inasimama. Kila kichwa kifutwe kimoja kimoja.

Baada ya kazi kavu huja majimaji, na hapa wapenzi wa treni wana ubishi usiokwisha. Wengi hutumia alkoholi ya isopropili, ile inayofutiwa ngozi kabla ya sindano. Inalainisha gundi nyeupe, inalegeza rangi za maji, na inakauka upesi. Chagua yenye nguvu ya asilimia 90 na zaidi, kwa sababu ile dhaifu ina maji mengi. Miaka ya karibuni lakini limeibuka kundi linalosema alkoholi ndiyo adui. Hoja yao inahusu kipimo kinachoonyesha jinsi molekuli za kimiminika zinavyojipanga zikivutwa na umeme. Maji yana kipimo cha takriban 80, alkoholi ya isopropili kati ya 18 na 20, mafuta ya taa karibu 2. Wanasema vimiminika vya kipimo kikubwa huacha mabaki yanayochochea cheche ndogondogo, na kwa hiyo weusi unarudi haraka. Vya kipimo kidogo, kama mafuta ya taa yaliyosafishwa, huiacha reli safi kwa muda mrefu.

Maelezo yao hayaniridhishi. Kipimo kile ni sifa ya kimiminika kikiwa bado majimaji, na alkoholi ikishakauka haipo tena. Kinachobaki ni ule uchafu iliouyeyusha na kuusambaza kama kitambaa hakikubadilishwa. Ila ushauri wenyewe una faida. Mafuta hayo ya taa huacha utando mwembamba sana unaoukinga uso wa reli na hewa. Kwa hiyo nafanya hivi, na kwa kazi ya baada ya mandhari naona ndiyo njia sahihi: alkoholi kwanza, maana gundi na rangi haviyeyuki kwa mafuta ya taa, halafu, reli ikiwa kavu, kitambaa kilichoguswa kidogo tu na mafuta ya taa yaliyosafishwa, kikifuatwa na kitambaa kikavu. Alkoholi hiyo hiyo inayoondoa gundi relini italegeza pia gundi iliyoshika kokoto zako, kwa hiyo ilowanishe kitambaa na si reli. Asetoni usiikaribishe kabisa, kwa sababu inaweza kuyayeyusha mataruma ya plastiki. Na vyote hivi, alkoholi na mafuta, hushika moto. Chomoa umeme, fungua dirisha, ngoja mvuke uishe ndipo uwashe tena. Nimeeleza cheche ni nini. Hazichagui pa kuangukia.

Kitambaa kiwe cheupe, cha pamba, kisichotoa nyuzi, kwa sababu kitakusemesha. Kikitoka na kijivu chepesi, hiyo ni plasta. Kikitoka na kahawia, ni rangi ya kutu. Kikikwamakwama na kuvutika bila kuonyesha rangi yoyote, hapo pana gundi, na unahitaji kurudia pale pale mpaka kiteleze. Kikitoka na mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, umefika kwenye weusi wa cheche, na maana yake yaliyokuwa juu yake yamekwisha. Badilisha upande wa kitambaa kila baada ya urefu wa mkono. Wanaofuta njia nzima kwa upande mmoja wa kitambaa wanahamisha uchafu kutoka stesheni moja hadi nyingine.

Msasa uko wapi katika haya yote? Nje ya chumba, kama ningepewa amri. Reli za leo nyingi ni za aloi ya shaba, zinki na nikeli, laini kiasi kwamba msasa wa kawaida unaichora mifereji mingi midogo. Macho hayaioni, lakini uchafu unajaa humo na hauondoki tena kwa kitambaa. Ndiyo sababu reli iliyopigwa msasa huchafuka haraka kuliko ile ambayo haijawahi kuguswa. Pamba ya chuma ni mbaya zaidi: nyuzi zake zinakatika, zinaingia kwenye mota, na zikilala kati ya reli mbili zinaweza kuunganisha umeme mahali pasipofaa. Wapo watakaosema kuna madoa ya rangi yasiyotoka kwa alkoholi. Kweli yapo. Kwa madoa hayo kuna raba ngumu zinazotengenezwa kwa kazi hii, kama ile ya Peco ya Uingereza. Itumie pale penye doa tu, kwa mkono mwepesi, kwa kufuata urefu wa reli, kisha fyonza unga wake wote. Reli ambayo tayari ina mikwaruzo inaweza kupata nafuu ikisuguliwa kwa kipande bapa, laini, cha chuma kisichoshika kutu, kinacholaza kingo za mikwaruzo badala ya kuongeza mipya.

Baadaye, mandhari ikishakuwa nzito na mkono haufiki nyuma ya mlima wala ndani ya handaki, kazi hupewa behewa. John Allen wa Monterey, California, ambaye njia yake ya Gorre & Daphetid ilikuwa fahari ya mandhari ya treni ndogo hadi alipofariki mwaka 1973, anatajwa sana kwa muundo mmoja rahisi: behewa la kawaida lenye kibao cha mbao ngumu iliyoshindiliwa kinachoning'inia chini yake kwa misumari miwili na kuburutwa juu ya reli, bila dawa yoyote. Kibao hicho kinaokota vumbi jipya kabla halijashikamana. Siku za mwanzo baada ya mandhari kipitishe kila unapoendesha treni, kwa sababu vumbi la plasta linaendelea kudondoka kutoka milimani wiki kadhaa, na ukikigeuza utaona mistari miwili iliyonyooka ya uchafu. Kikune, kirudishe. Ila behewa la namna hii haliondoi gundi. Limepewa kazi ya kulinda reli ambayo mkono umeshaisafisha.

Magurudumu nayo yasiachwe. Injini iliyojaribiwa mara moja tu kwenye reli chafu imebeba gundi, na itaipaka upya reli uliyoihangaikia. Hapa umeme hauna budi kuwashwa, kwa hiyo dirisha liwe wazi na alkoholi iwe kidogo: laza kipande cha tishu ngumu kilichoguswa tu na alkoholi juu ya reli, pandisha magurudumu ya nusu moja ya injini juu yake huku nusu nyingine ikibaki kwenye reli yenye umeme, ishike, na uiache ijizungushe. Mistari miwili myeusi itatokea. Sogeza tishu mpaka isitokee tena, kisha geuza injini. Magurudumu yaliyovishwa mpira yafutwe kwa mkono, kwa kitambaa kikavu, kwani alkoholi huukausha mpira ule. Mabehewa yenye magurudumu ya plastiki yabadilishwe kama uwezo upo. Plastiki hukusanya uchafu na kuupaka njia nzima kuliko chuma.

Ikiwa umefanya haya yote na kuna kipande ambacho bado kinakataa, acha kusugua. Chukua mita ya umeme, ipime reli kabla ya kiungo na baada ya kiungo. Vile vibati vinavyounganisha reli mbili hubana tu, na maji ya gundi ya kokoto hupenya ndani yake kwa urahisi. Gundi ikikauka humo, umeme unafika kwenye kiungo na kuishia hapo, huku uso wa reli ukiwa safi pande zote mbili. Mita ikionyesha volti zimeshuka baada ya kiungo, dawa yake ni waya mwembamba uliochomelewa kwa risasi kwenye kila kipande cha reli na kushushwa chini ya meza hadi kwenye waya mkuu. Ni kazi ya kufanywa kabla ya mandhari, reli zikiwa tupu na mkono unafika. Ikifanywa baadaye, chomelea upande wa nje wa reli, weka kitambaa kilicholowa maji pande zote mbili za mahali unapochomelea ili joto lisiyayeyushe mataruma, na ondoa kokoto chache kwanza. Utazirudisha na tone la gundi, na reli utaifuta kabla halijakauka.